Majivu Chini ya Bati

Goma, Katoyi, tarehe 12 Oktoba 2025

Rosine, mujukuu wangu, muke mwenza wangu,

Nakusalimia mbele ya kukugombeza, usije ukasema Koko Kanyere hana adabu. Hapa tuko. Miguu inaniuma asubuhi, mangaribi inauma zaidi, lakini ingali inanifikisha kwenye robine ya maji na kunirudisha na bidon yangu. Kaswera mudogo wako anamaliza masomo mwaka huu, kama masomo haitamumaliza yeye. Maharage ya kule Lac Vert ilizaa kidogo, mvua ilikuja na hasira. Baba yako mudogo Célestin amenenepa. Hata kilio ya kaka yake haikumupunguza kilo moja. Watu wote wanakusalimia, hata wale hawakupendi.

Anayeandika ni Laurent. Unamukumbuka: katekista wa zamani, ule alikupiga fimbo siku uliuliza Mungu alikuwa anakaa wapi mbele ya kuumba mbingu. Kaswera nilimukataza kuandika, analia juu ya karatasi na wino inaharibika. Na nakuandikia sababu kwa simu unanikata. Mara mbili umenikata, neno ingali mudomoni. Barua haikatwe. Utaifungua, itakaa pale inakuangalia.

Sasa jambo. Papa yako Paulin alikufa mwezi wa pili, na leo tuko mwezi wa kumi. Unajua desturi ya kwetu. Siku watu wanaacha kulala kwenye kilio, moto ya kiwanja inazimwa, na majivu inafagiwa na muzaliwa wa kwanza wa marehemu. Hapana wa pili, hapana ndugu. Wa kwanza. Akishafagia na kutupa, njo watu wananyoa, wanaoga, wanaruhusiwa kucheka tena. Wa kwanza wa Paulin ni wewe. Majivu ingali pale. Niliifunika na bati, nikaweka mawe ine juu yake, sababu mvua ya hapa unaijua. Miezi munane, Rosine! Kuku za jirani wamefanya ile bati kitanda yao. Mimi sijanyoa, nywele imekuwa kama kichaka. Nikipita njiani watoto wanakimbia.

Ulisema uwanja wa ndege umefungwa. Ni kweli. Lakini watu wanashuka Kigali, wanapanda gari mupaka Gisenyi, wanavuka mupaka wa petite barrière na miguu, sanduku kwa kichwa. Binti ya jirani alivuka vile na mimba ya miezi saba. Wewe una mimba ya nini?

Sikia vizuri. Célestin anasema amechoka kungoja. Tarehe tisa mwezi wa pili, siku mwaka utatimia, kama haujafika atafagia yeye. Unajua maana yake. Mutoto wa kwanza akifagiliwa nafasi yake, anahesabiwa pamoja na wale wamekufa. Jina lako itasomwa kwenye misa nyuma ya jina la papa yako, na kisha haitaitwa tena katika hii nyumba. Mimi sitaweza kumuzuia. Yeye njo mwanaume wa nyumba sasa, na ana mudomo.

Ile picha ulituma ilifika. Yote nyeusi, na kitu cheupe katikati kama moshi. Niliitazama mara moja nikaigeuza kifudifudi juu ya meza. Usitume ingine. Ulienda kusoma miaka kumi na moja ili ututumie picha ya moshi?

Mimi, Kanyere, mama ya papa yako.

(Koko anasema niandike kwamba hakusalimii mwishoni, kwa sababu alishakusalimia mwanzoni. Laurent.)


Liège, tarehe 3 Novemba 2025

Koko Kanyere,

Salamu nimezipokea. Mimi ni muzima. Hapa baridi imeanza, na jua linatoka likiwa tayari limechoka. Niko katika chumba kilekile. Jirani yangu Nshobole, wa Bukavu, hunipikia sombe siku ya Jumapili, halafu hunikumbusha wiki nzima kwamba alinipikia. Mwambie Kaswera asome fizikia kwanza, mambo mengine yatafuata. Mwambie Muzee Laurent kwamba lile swali langu bado halijajibiwa.

Umeuliza kama ile picha ya moshi ndiyo kazi. Ndiyo, ndiyo kazi. Nitakueleza polepole, na Muzee Laurent akusomee bila kuruka mistari.

Nyota huzaliwa na hufa. Ndogo hufa kimya. Zile kubwa hupasuka, na mpasuko huo ukitokea unaweza kuonekana hata mchana. Mwanga huo ukizimika, watu wa kale walidhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kinachobaki ni ganda la moshi wa moto linalokimbia kwenda nje pande zote, kwa mamia na maelfu ya miaka. Ni moto mkali kiasi kwamba ule wa mlima wetu Nyiragongo mbele yake ni maji ya kunawa. Kwa ukali huo, hautoi tena mwanga wa kuonekana kwa macho tu. Unatoa ule wa mashini ya hospitali, unaopita ndani ya nyama na kuonyesha mifupa. Hewa ya dunia inauzuia usitufikie, na ni heri, ungetuua. Ndiyo sababu darubini yetu ilipelekwa juu, nje ya hewa yote, na inazunguka huko peke yake.

Inakodolea macho mabaki ya nyota moja siku nzima, siku mbili, inakamata chembe za mwanga mojamoja. Mimi ninaletewa orodha: chembe hii ilifika saa fulani, ilitoka upande fulani, ilikuwa na nguvu kiasi fulani. Kwa nguvu yake ninajua ilitoka kwenye nini. Hii imetoka kwenye chuma. Hii kwenye kalisi, iliyo ndani ya mifupa. Hii kwenye silisi, iliyo ndani ya mawe ya lava aliyokuwa akivunja papa. Chuma kilicho katika damu yako, Koko, kilipikwa ndani ya nyota kabla dunia haijakuwepo.

Moshi ulio kwenye picha niliyokutumia umepigwa mara mbili: na mimi mwaka huu, na wengine kabla yangu, miaka ishirini iliyopita. Naweka picha moja juu ya nyingine na kupima ukingo wa ganda umetembea kiasi gani. Siku nyingine ninatazama mahali nyota zinapozaliwa. Huko vumbi ni zito, jicho halioni kitu, lakini mwanga huu unapita ndani ya vumbi na kunionyesha watoto wangali ndani, hawajatoka.

Mwezi wa pili ni zamu yetu kwenye darubini. Timu yangu imeingoja miaka miwili, sitaiacha. Tena sioni kwa nini nifagie majivu ya nyumba ambayo haikuniambia kwamba inaungua. Baba mudogo ana mikono, afagie.

Nina swali moja tu. Wewe unachinja mbuzi huku unaimba. Picha ya moshi uliigeuza kifudifudi kwa nini? Nijibu hilo kwanza.

Rosine


Goma, Katoyi, tarehe 24 Novemba 2025

Rosine, wewe muke mwenza mwenye mudomo,

Tuko wazima. Jirani ya upande wa mangaribi alizaa mapacha, wanalia kwa zamu kama askari wa zamu. Bei ya makala ya kupikia imepanda, na wale wanaisukuma kwa chukudu, baiskeli zao za mbao, wamekuwa mabwana. Kaswera anasoma fizikia yako, anakunja uso kama mutu anayenusa samaki. Kwenye parokia ya Keshero waliweka mupadri mupya, kijana, anahubiri haraka kama ana gari inamungoja.

Barua yako Laurent aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza hakuelewa yeye. Mara ya pili alielewa yeye, mimi hapana. Mara ya tatu tulielewa wote wawili, tukakasirika.

Basi nimejua kazi yako. Unatazama wale wamekufa zamani. Unatazama wale wangali tumboni. Wale wako hai unawakata kwa simu.

Na hilo neno la chuma ya damu, ulirudishe kule umelitoa. Paulin nilimuzaa mimi, kwenye nyumba ya majani kule Butembo, kuanzia jogoo ya kwanza mupaka watu wanatoka sokoni, na mama mukwe amenikalia kwa magoti akisema sukuma. Mutu asije kuniambia alipikwa mahali pengine. Kama hiyo nyota yako ilisukuma, ijitokeze, tuonyeshane makovu.

Unapima vile moshi imetembea miaka ishirini. Sawa. Mimi nakupa kitu kingine cha kupima: kutoka hapo Liège mupaka hapa Katoyi. Chukua hiyo mashini yako ya mbinguni, pima, uniambie kama ni mbali kuliko nyota.

Wewe unajua papa yako alikuwa anafanya nini na yale mawe? Unasema «silisi», unaandika vizuri. Ule mutu aliamuka kila asubuhi na nyundo mbili, kubwa na ndogo, akakaa chini kwenye lava, akavunja. Vumbi iliingia mupaka kwenye kope. Akirudi jioni anaonekana kama muzee wa miaka mia, nikimumwagia maji anakuwa kijana tena. Kila daftari yako ilitoka ndani ya jiwe. Mama yenu alipokufa akimuzaa Kaswera, hakuoa tena. Alisema nyundo haimuachie wakati. Leo huyu njo unaambia majivu yake ifagiwe na yeyote mwenye mikono!

Célestin ameshanunua ufagio. Mupya. Ameusimamisha kwenye mulango yangu ili nikitoka niuone. Nikitoka nauangusha. Akipita anausimamisha. Njo mazungumuzo yetu ya kila siku.

Unauliza picha niliigeuza sababu gani. Niligeuza sababu ilikuwa mbaya. Meza ni yangu, nitageuza kitu napenda. Fini.

(Kabla ya kusema hayo Koko alitazama upande wa chumba chake. Naandika nilichokiona, anisamehe. Laurent.)

Laurent anaandika kitu sikusema. Sijui kusoma, lakini naona kalamu inatembea na mimi nimenyamaza. Nimemunyanganya chai.

Ukuje, Rosine. Sikuombe, nakuambia. Kuna kitu lazima kifike kwenye mukono yako, na mukono yako haifike hapa bila wewe.

Kanyere


Liège, tarehe 14 Desemba 2025

Koko,

Sina habari za kukupa. Kila kitu hapa ni kama kilivyokuwa.

Sasa nitakuambia jambo, nawe ukae chini kwanza. Ile picha niliichagua. Ninazo za rangi, nyekundu na buluu na kijani, zile tunazowapa watu wa magazeti, nzuri kama kitenge kipya. Nikaziacha. Nilichukua nyeusi na nyeupe. Nikaomba waichapishe kwenye karatasi ngumu, yenye ukubwa uleule wa picha ya kifua inayotolewa hospitalini. Nilifanya hivyo kwa makusudi, ili nione utafanya nini. Umeniambia mwenyewe: uliigeuza.

Kaswera aliniambia mwezi wa saba. Alikuona kutoka mlangoni unasukuma bahasha kubwa ya hospitali chini ya godoro. Alikuuliza ni nini, ukamtupia kiatu. Usimpige tena kwa hilo. Mimi ndiye nilimbana mpaka akasema.

Kwa hiyo papa alipigwa picha ya kifua. Na wewe ulijua.

Kila Jumapili nilimuuliza kwenye simu: papa, hicho kikohozi? Alisema ni baridi ya ziwa. Nilikusikia nyuma yake ukigonganisha sufuria. Hukusema neno. Wewe, ambaye huwa unaingilia hata mazungumzo ya watu wanaopita barabarani, hukusema neno!

Unajua kinachoniumiza ni kipi? Watu wa nchi tatu wananitumia picha za mwanga huu na kuniuliza: Rosine, unaona nini hapa? Mimi ninawaambia nyota ilikufa lini, ilikuwa na uzito gani, ilipasukia upande gani. Hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo papa alivunjia mawe. Na picha moja, moja tu ulimwenguni, ya mutu mwenye damu yangu, mmeilalia kama godoro la pili.

Ulijua tangu lini? Ndege zilikuwa zinatua. Barabara zilikuwa wazi. Ningekuja. Ningekaa naye kwenye ile benchi ya lava, tusiongee kitu. Nyinyi mliniletea kifo tu, kwa simu, siku ambayo hata wakati wa kumzika vizuri hamkuupata, na mimi nikaangalia mazishi ya papa yangu kwenye kioo kidogo kilichokuwa kinakatikakatika.

Hukuwa na haki hiyo. Hakuna mtu alikupa.

Siji. Célestin afagie, na ufagio wake mpya. Jina langu lisomwe kwenye misa nyuma ya la papa. Angalau huko tutakuwa pamoja.

Noeli njema.

Rosine


Goma, Katoyi, tarehe 6 Januari 2026

Rosine,

Leo hakuna maharage, hakuna jirani, hakuna mupadri.

Ndiyo. Ilikuwa kifua ya papa yako. Nilijua mwaka moja na miezi ine mbele ya yeye kwenda. Nikaficha. Mimi. Ukitafuta mutu wa kuchukia, niko Katoyi, nyumba ya mulango ya buluu, sijahama.

Usiulize sababu. Kuna kiapo nilikula, na mutu nilimulia hicho kiapo hayuko tena wa kunifungua. Basi nitakaa nacho. Nitusi tu, nina mugongo.

Lakini nitakuambia ile siku, sababu hiyo hakunikataza. Daktari aliinua picha kwenye dirisha. Mimi niliona mbavu, na katikati ya mbavu mawingu. Nikasema labda mashini ni chafu. Daktari hakucheka. Papa yako alisogea karibu, akatazama sana, vile wewe lazima unatazama hizo zako. Akasema: «Hii ni vumbi ya mawe. Naijua, nimeifanya mwenyewe.» Akashukuru. Tukarudi na miguu mupaka Katoyi, na njiani akaninunulia ndizi ya kuchoma. Kesho yake alishika nyundo. Rosine, nilimupiga. Mutu muzima, mwenye mvi, nilimupiga na mwiko mupaka mwiko ikavunjika, ili asirudi kwenye mawe. Alikaa akipigwa vile alikaa akiwa na miaka tano. Kisha akaenda kazini.

Bahasha alinipa siku hiyo hiyo. Akasema: «Mama, weka. Akishamaliza masomo, mupe Rosine. Kwenye mukono yake, usitume.» Nikaweka. Ulimaliza masomo mwezi wa kumi na moja, tukacheza mupaka viatu ikakatika. Mwezi wa kwanza vita ikafika hapa mulangoni. Mwezi wa pili akaenda. Nikabaki na bahasha, nangoja mukono yako. Njo sababu nilikuwa nakuita. Ilikuwa majivu, na ilikuwa hiyo.

Sasa umesema hauji. Basi natuma, na neno la mutoto wangu navunja. Nimefungia kila kitu, na bahasha yake vile vile alinipa, ndani ya kitenge nilivaa siku ya kumuzika. Nimeshona pande zote ine mimi mwenyewe, na sindano ya magunia. Laurent hajaishika. Kaswera hajaishika. Miaka miwili hakuna mutu aliishika isipokuwa mimi, na mimi naona karatasi kama mbuzi anaona karatasi.

Wewe unasoma. Soma. Uniambie kama ungeweza kumuponya. Ukisema ndiyo, nitabeba hiyo pia.

Tarehe tisa mwezi wa pili Célestin atafagia. Ufagio sikuangushe tena. Nimechoka kuinua bati kila asubuhi nikitazama kama majivu ingali.

Laurent alitaka kuongeza neno. Nimekataa.

Kanyere


Liège, tarehe 27 Januari 2026

Koko wangu, muke mwenza wangu, uliyeshona kitenge kama mutu anayefunga gunia la makala,

Mkasi ulishindwa na uzi wako, ikabidi nitumie meno. Habari za huku: Nshobole alikuja na sombe, akanikuta nimekaa chini mbele ya dirisha, akaweka sufuria na kuondoka bila kunikumbusha kitu. Ujue basi nilikuwa katika hali gani.

Nimeisoma picha. Nitakuambia ukweli uleule ninaowaambia wenzangu kazini. Ni pande zote mbili, kutoka juu mpaka chini. Vumbi lilikuwa limeingia miaka mingi kabla ya siku ile ya dirisha. Hapana, nisingeweza kumponya, wala daktari yeyote wa hapa. Hilo lishushe, usilibebe. Ningekaa naye tu. Kwa hilo la kukaa naye bado nina hasira, na hasira hiyo ninakuja nayo nzima.

Sasa sikia jambo usilolijua. Hukuambiwa, na kulisoma hukuweza. Nyuma ya bahasha, upande uliokuwa unagusa mbao za kitanda, kuna maandishi. Ni kalamu nyekundu, ile papa aliyokuwa anawekea alama kwenye mawe. Ameandika hivi:

«Rosine. Mama anataka nikuite leo. Amevunja mwiko juu yangu kwa sababu hiyo, mgongo unaniuma ninapoandika. Mimi ndiye nimekataa, nimemwapisha kwa jina la baba yangu. Nilitaka umalize kwanza masomo. Ukikasirika, unikasirikie mimi, nitakuwa nimeshaenda, sitasikia. Yeye umuache. Papa.»

Koko, barua yako inasema ulimpiga ili asirudi kwenye mawe. Ya mimi kuitwa hukuitaja. Hata hapo ulikuwa unatunza kiapo chake. Miaka miwili umelala juu ya maneno yanayokutetea, na mimi nikakuandikia niliyokuandikia, na ukasema una mgongo.

Zamu yangu kwenye darubini nimempa mwenzangu. Alishangaa. Nikamwambia ganda la ile nyota linatembea tangu kabla ya babu zetu wote, nikikosekana wiki tatu halitafika mahali nisipolikuta.

Nashuka Kigali tarehe sita. Tarehe saba navuka petite barrière kwa miguu, sanduku kichwani, sina mimba. Nimempigia Kaswera: ufagio wa Célestin aufiche, tena asiufiche chini ya godoro. Bati lisiguswe na mtu. Mawe manne yabaki manne mpaka niyaondoe mimi.

Barua hii siitumi. Ingetumwa ingefika nyuma yangu. Naibeba mwenyewe, pamoja na bahasha. Sitaki Muzee Laurent akusomee hii, yeye tumpe chai yake aliyonyang'anywa, akae mbali kidogo. Mimi na wewe tutakaa pale penye majivu, na nitakusomea neno kwa neno, maneno ya papa mara mbili, mara tatu ukitaka, na kidole chako nikiweke juu ya wino ili ujue kila moja liko wapi.

Kisha nitafagia. Kisha nitakunyoa.

Halafu ndipo tutagombana, na safari hii sitakukata.

Rosine, wa kwanza wa Paulin